Nitue

Jirani zangu wakiwa njiani na tangawizi vichwani, hufika mahali wakamwambia yeyote aliye karibu neno moja: "Nitue." Unatanguliza mikono chini ya gunia, mwenye mzigo anainama kidogo, na kwa muda wa nusu pumzi mzigo unakuwa wenu wote wawili kabla haujawa wako. Ukiunyakua utamyumbisha. Ukichelewa, shingo yake ndiyo itakayolipa. Neno hilohilo, kutua, tunalitumia kwa ndege inapogusa ardhi, na humo ndimo tulimopata kutulia, kutuliza na utulivu. Nimelitafakari sana kwa sababu ya gurudumu moja la chuma lililo mezani kwangu hapa Bombo. Nasema Bombo ya Same, Upare wa kusini. Wengi wakilisikia jina hilo huwaza hospitali ya Tanga.

Gurudumu lenyewe lilikuwa la cherehani iliyokufa. Sasa ni gurudumu la trimu la simuleta, yaani ndege ninayoirusha mbele ya kompyuta kwa programu ya FlightGear, ambayo hutolewa bure. Upande wetu wa milima unaitazama nyika ya Mkomazi, na ndege ndogo juu ya nyika ile si kitu kigeni kwetu. Tony Fitzjohn, aliyefika huko mwaka 1989 na baadaye kurudisha faru weusi, alikuwa pia rubani. Mtu aliyekua akizifuata ndege hizo kwa macho mpaka zigeuke nukta hatashangaa kwamba fundi redio mtu mzima anatumia jioni zake kutafuta namna gurudumu la cherehani litakavyozungumza na mkia wa ndege.

Trimu haipeleki ndege popote. Rubani wa Cessna 172 akitaka kupaa huvuta usukani, pua ikainuka, na usukani nao ukaanza kumvuta yeye. Dakika ya kwanza si kitu. Dakika ya kumi mkono unatetemeka. Basi karibu na goti lake la kulia, chini ya dashibodi, kuna gurudumu limejitokeza ukingo tu. Akilisukuma kwa vidole, mnyororo na nyaya zinakwenda hadi mkiani na kukisogeza kibati kilicho kwenye ukingo wa nyuma wa eleveta ya kulia, lile bapa la mkiani linaloinua na kushusha pua. Kibati hicho kikishapinda kiasi kinachotakiwa, upepo unaopita pale unaishika eleveta mahali rubani alipokuwa akiishika kwa nguvu zake. Upepo umemtua.

Kazi hii ndogo ina uzito ambao sisi wa Afrika Mashariki tumeuonja. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines namba 302, Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi na ikaanguka dakika sita baadaye. Watu wote 157 walikufa, Wakenya wengi wakiwa miongoni mwao. Mfumo wa kompyuta, ukiamini kipimo kibovu, ulikuwa ukiirekebisha trimu kuelekea chini tena na tena. Marubani walipokata umeme wa trimu wakabaki na gurudumu la mkono, na kwa mwendo ule mkubwa hewa ilikuwa imeukaba mkia kiasi kwamba halikuwafaa. Mei ya mwaka huohuo Boeing ilikiri kwamba programu za simuleta za ndege hiyo hazikuwa zikiiga sawasawa ugumu wa kulizungusha gurudumu lile kwa mkono, ikazirekebisha. Nasema hapa simuleta za kufundishia marubani, zenye bei ya kutisha, na sisemi meza yangu. Lakini tangu nilipolijua hilo sijaweza tena kumsikia mtu akisema uzito wa gurudumu ni jambo la urembo.

Gurudumu langu la kwanza nililifunga moja kwa moja kwenye volyumu ya redio. Volyumu huzunguka digrii 300 hivi, kisha hugota. Kibao cha Arduino Leonardo, ambacho kompyuta huweza kukitambua kama joistiki, huugawa mzunguko huo katika hatua 1,024, na FlightGear huzipokea kama namba kati ya -1 na 1. Kwa karatasi, hesabu ilikuwa nzuri. Kwa mkono, ilikuwa balaa: digrii moja ya kidole ilikuwa hatua zaidi ya tatu, na kidole cha binadamu hakijui digrii moja. Nikigusa, pua inapanda. Nikirudisha, inachovya.

Jawabu lilikuwa kwenye kabati la mabaki. Nani kati ya waliokulia kwenye redio za zamani asiyeukumbuka ule uzi wa steshini? Unazungusha kitufe, kijiti chembamba kinauvuta uzi, uzi unazungusha puli kubwa, na mshale unatambaa polepole kwenye kioo hadi sauti inatoka ndani ya mvumo. Fundi aliyebuni uzi ule aliujua udhaifu wa kidole na akauheshimu. Nilichukua kijiti cha milimita 6 na puli ya milimita 48, nikaipachika puli kwenye volyumu na gurudumu la cherehani kwenye kijiti. Mara nane. Sasa hatua zilezile 1,024 zimetandazwa kwenye karibu mizunguko saba ya gurudumu, na hatua moja inadai zaidi ya digrii mbili za mkono. Idadi ya hatua haikuongezeka hata moja, lakini zimefikiwa na kidole.

Hapo ndipo kazi ilipoanza hasa. Volyumu kuukuu haitulii. Hata usipoigusa, namba yake inarukaruka. Unaweza kuiambia Arduino isome mara 16 itoe wastani, na mrukoruko unakwisha. Ukiongeza usomaji mno, ndege inachelewa kuitikia, nawe kwa kukosa subira unazungusha zaidi, na majibu yote yanafika kwa pamoja. Uzi ukilegea, unapogeuza upande kuna kipande cha mzunguko kisichofanya lolote. Ukikazwa kupita kiasi, unakula kijiti. Halafu kuna lile eneo bubu la katikati ambalo wengi huliweka kwenye joistiki ili isisumbue ikiachwa. Kwa joistiki ni busara. Kwa trimu ni sumu, kwa kuwa trimu huishi jirani na katikati, na hapo ndipo inapotakiwa isikie hata mnong'ono. Nililifuta kabisa.

Uzito wa gurudumu nilioutaka niliupata kwa kipande cha kandambili. Nimekikata kama kidole gumba, nikakibana kwenye ukingo wa ndani kwa skrubu moja. Robo mzunguko wa skrubu ndiyo tofauti kati ya gurudumu linalojiendea lenyewe baada ya mkono kuondoka na gurudumu linalobaki pale ulipoliacha. Robo hiyo niliitafuta kwa juma zima, na sijutii hata siku moja ya juma hilo.

Linabaki jambo ambalo skrubu hailiwezi. Joistiki yenye springi hurudi katikati kila mara, trimu iwe imewekwa vipi. Kwenye ndege halisi ungebaki na usukani palepale huku shinikizo likiyeyuka mkononi. Mezani, mkono wa kulia lazima uirudishe joistiki taratibu wakati wa kushoto ukizungusha gurudumu, mmoja ukipunguza kwa kiasi kilekile ambacho mwingine unaongeza, pua isijue lolote. Ndiyo maana kila upungufu wa uzi na volyumu huonekana mara moja: makabidhiano yanayumba.

Mpwa wangu alipokuja likizo nilimpa kiti. Aliondoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), akaiweka milima ya Upare kushoto kwake, na kabla ya Same alikuwa ameanza kuikimbiza pua juu na chini kwa gurudumu.

"Mjomba, inakataa!"

"Acha gurudumu. Shika pua kwa joistiki, ngoja mwendo utulie. Trimu haiulizwi urefu wa kwenda juu, inaulizwa mwendo. Ukishauona, ndipo ukabidhi."

Alishika. Alingoja noti 90, karibu kilomita 167 kwa saa. Mikono yake miwili ikaanza kupokezana, akaachia. Pua ilipanda kidogo, ikashuka, ikapanda tena, safari hii kidogo kuliko mwanzo. Wimbi moja huchukua zaidi ya sekunde 20, nami nilimwona akijizuia asiguse. Wimbi la tatu halikuonekana. Kilele cha Shengena kilikuwa kikipita kushoto, kijani kisicho na nyumba wala njia. Alisukuma kiti nyuma, akachukua kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono yote miwili, akanywa huku akiutazama mshale wa mwendo umelala kwenye 90.

"Mjomba," akasema bila kugeuka, "nyumba yetu ingekuwa wapi hapo?"