Tazama Kwanza Sanduku la Barafu

Watu wengi wanaokodi boti ya kuvulia Watamu au Malindi huipima safari kwa uzito wa samaki waliorudi nao. Kipimo hicho ni kibovu. Bahari humjalia mzembe leo ikamnyima fundi kesho, na anayehesabu mikia peke yake hajui amelipia kazi gani. Kazi ya nahodha na mabaharia wake inaonekana, na sehemu yake kubwa huonekana mapema, boti ikiwa bado nangani. Wala huhitaji kuwa mvuvi ili uione.

Nasema juu ya uvuvi wa karibu: nusu siku au siku moja nje ya mwamba, mahali ambapo bado unaiona pwani. Upande huu wa Kenya umebahatika, kwa sababu sakafu ya bahari huporomoka upesi ukishauacha mwamba. Ndiyo maana nguru, jodari, felusi na hata sulisuli hupatikana bila kwenda mbali, na ndiyo maana wageni wa fimbo na rili waliifuata Malindi tangu zamani. Ernest Hemingway alivua huko mwaka 1934. Ila elimu ya bahari hii haikuletwa na wao. Manahodha wengi wazuri walianza utotoni kwenye mitumbwi ya wazee wao, mshipi mkononi. Ukimpata wa namna hiyo, hata kama boti yake ni ndogo na rangi imebabuka, mwachie mwenzako boti yenye viti vya ngozi.

Siku moja kabla ya safari, au alfajiri ile ile, omba ufunguliwe sanduku la barafu. Ombi hili halimuudhi mtu anayefanya kazi yake vizuri. Anayeudhika amekwisha kukujibu. Ndani unatakiwa kuona barafu iliyopondwa, nyingi, wala si chupa mbili za maji yaliyoganda zikipoza soda za wageni. Kwa joto letu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki ni hesabu ya kawaida. Baharia hodari huongeza maji kidogo ya bahari, barafu ikawa uji mzito, samaki akazama humo na kupoa pande zote kwa wakati mmoja. Mapande makubwa makavu humgusa samaki hapa na pale tu, na humchubua.

Sababu yake si ladha peke yake. Jodari, sehewa, nguru na vibua ni samaki ambao nyama yao ikikaa jotoni hujenga histamini, na histamini haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Aliyekula huiva uso, kichwa kikamuuma, mwili ukamwasha, kisha akawaambia watu kwamba samaki wanamdhuru. Pengine hawamdhuru hata kidogo. Alikula jodari aliyelazwa juani saa nzima ili kila mtu apige naye picha.

Tazama na kisu. Jodari akishapanda botini, baharia anayejua kazi humkata matamvua au nyuma ya pezi la ubavuni, damu ikatoka wakati moyo bado unapiga, kisha humtumbua na kumtia barafuni. Ni shughuli ya dakika chache. Boti ambayo jodari wake hupigapiga sitahani mpaka wanyamaze wenyewe itakupa nyama iliyopiga weusi, yenye ladha ya chuma, na mpishi wako ndiye atakayelaumiwa. Mimi boti ya aina hii siirudii, hata iwe imevua samaki kumi.

Baada ya barafu, shika mishipi. Vuta mita mbili tatu za mwisho, zile zinazokaribia ndoana, uzipitishe taratibu kati ya vidole. Uzi wenye mikwaruzo utausikia; ulitakiwa uwe umekatwa na kufungwa upya jana jioni. Kwa nguru na tengesi lazima pawe na kipande cha waya mbele ya ndoana, kwa kuwa meno yao hukata nailoni mara moja. Jodari ana macho makali na waya humtia shaka, hivyo kwake hutumika nailoni nene. Nahodha aliyefunga waya kwenye mishipi yote, au asiyefunga hata mmoja, bado hajaamua anakwenda kutafuta nini. Ncha ya ndoana ijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba: ikishika ni kali, ikiteleza imechoka. Na usidanganyike na rapala mpya, vile visamaki bandia, zinazometameta kwenye kuta za ofisi. Angalia ndoana zake. Rapala ya zamani iliyong'atwa rangi yote ikatoka, lakini yenye ndoana mpya, ni ya mtu anayevua. Ile mpya yenye kutu ndoanani ni pambo.

Breki ya rili nayo ina hesabu. Hukazwa kwa robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi, yaani uzi unaokatika kwa kilo 15 huwekewa breki ya kilo nne au tano. Mabaharia waangalifu huipima kwa mizani ndogo ya kuning'iniza. Wengine huuvuta uzi kwa mkono na kusema iko sawa, na mkono wa mzoefu, nakubali, haukosei sana. Hata hivyo, mizani hiyo ikiwa imefungwa kwa kamba botini, mahali pa kufikika, hunipa imani kuliko vikombe vyote vya mashindano.

Mambo ya usalama sitayarefusha. Injini mbili, au moja kubwa na ndogo ya akiba. Maboya ya kuvaa kwa kila mtu, ya saizi ya watoto yakiwemo kama una watoto. Redio inayofanya kazi, si simu ya mkononi peke yake. Fataki za dharura ambazo muda wake haujapita, na cheti cha ukaguzi cha mamlaka ya usafiri wa baharini, KMA, kikiwa cha mwaka huu. Kimoja kikikosekana, shuka.

Muulize nahodha atang'oa nanga saa ngapi, na kwa nini. Ofisi itakwambia saa kumi na mbili, kwa sababu hoteli huandaa chai saa kumi na moja. Nahodha atakujibu kwa maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari ya huku hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Mlango wa Mida, huko Watamu, una mchanga na mawimbi mafupi maji yakiwa madogo, kwa hiyo kurudi saa nne na boti nzito ni jambo la kufikiriwa kabla ya kutoka. Maji mafu yanampa uhuru zaidi. Mtu anayekupangia safari bila kutaja hata mara moja hali ya maji ni dalali, hata awe na kofia ya unahodha.

Majira nayo yana ukweli wake. Kuanzia Mei hadi Julai kusi hukaza, bahari ikachafuka, na boti nyingi hupandishwa nchi kavu kukarabatiwa. Mnamo Agosti huanza kushuka tena. Kuanzia hapo hadi Oktoba ni miezi ya jodari. Kaskazi ikishika, mnamo Desemba hadi Machi, maji hutulia na sulisuli hukaribia pwani. Katika miezi ya mpito, sifa kubwa ya nahodha ni kusema, "Leo hatutoki," huku fedha za mgeni ziko mezani. Uliza mapema fedha zako zitarudi au safari itaahirishwa siku kama hiyo. Boti ambayo haina jibu la swali hili itatoka na wewe hata pasipofaa.

Sasa mko majini. Kipimo cha kwanza kinakuja mapema sana: mishipi inatupwa wapi? Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilitangazwa mwaka 1968, na ndani yake hakuna kuvua. Nahodha wa heshima huvuka mpaka wa hifadhi ndipo amwambie baharia atupe. Anayeanza kurambaza mbele ya hoteli ili mgeni aone kazi imeanza, huyo atakuibia na mengine.

Kisha utazame macho ya nahodha. Nahodha hodari mara chache hukodolea skrini ya kupima kina; skrini humthibitishia tu anachokijua kwa kulinganisha mnara na mnazi fulani, au kilima na paa la nyumba. Hutazama maji. Baada ya mvua kubwa za bara, mto Sabaki humwaga matope kaskazini ya Malindi, na bahari hugawanyika: huku kahawia, huku buluu, mpaka ukionekana wazi. Dagaa hujificha kwenye ukungu wa matope, na samaki wakubwa hupita mpakani wakiwangoja. Anayejua hurambaza upande wa maji safi, sambamba na mpaka, akiukaribia na kuuacha. Asiyejua hukatiza katikati ya tope na kusema leo hakuna samaki. Vivyo hivyo penye mstari wa majani na magogo yanayoelea kwenye mkutano wa mikondo: chini ya takataka hizo ndipo felusi hukaa.

Ndege wakionekana wakipiga mbizi, roho ya mgeni humwambia boti iingie katikati yao. Ngoja uone. Mzembe ataingia, kundi litazama, na kila mtu atasikitika. Fundi hupita pembeni, boti mbali, akakata kona kiasi kwamba mishipi ndiyo inayopita ukingoni mwa kundi. Ni uendeshaji wa dakika moja, lakini ukiuona mara moja utajua tofauti ya nahodha na dereva.

Mwendo pia husema. Chambo cha samaki mzima au kipande hurambazwa polepole, maili nne au tano za baharini kwa saa. Rapala za kuzama, tano au sita. Vyambo vya plastiki vya juu ya maji, saba hadi tisa. Ukiona aina hizo zote zimetupwa pamoja kwa mwendo mmoja, kuna baadhi zinaogeshwa tu. Mishipi minne au mitano inatosha. Mingi zaidi ni ya kumfurahisha mgeni na kuwapa mabaharia kazi ya kufumua mafundo.

Samaki akikamata, usitarajie boti isimame hapo hapo. Nahodha mzuri huendelea kwa sekunde kadhaa, maana nguru na jodari hawatembei peke yao na mshipi wa pili waweza kukamata. Kisha hupunguza mwendo bila kuua injini, uzi usilegee, na mabaharia hukunja mishipi mingine bila kelele. Kimya hicho nakipenda. Boti yenye makelele mengi wakati huo ni boti ambayo kazi hazikugawanywa. Na fimbo wakukabidhi wewe, wakuelekeze. Baharia anayepigana na samaki mpaka achoke kisha akakupa umalizie, amekufanya mtazamaji wa safari yako.

Kwa sulisuli, kipimo hugeuka: uzuri ni kumrudisha. Ndoana ya mduara, ambayo ncha yake imeelekea ndani, humshika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Samaki hubaki majini, hatundikwi kwa picha. Hutiwa alama, na taarifa hupelekwa kwa African Billfish Foundation iliyopo Watamu. Samaki akiwa amechoka, baharia humshika mdomo mrefu boti ikisogea taratibu, maji yakapita matamvuani, mpaka apige mkia mwenyewe. Chewa na wenzake wa kwenye kina ni kesi nyingine. Ukimvuta kutoka mita 60, kibofu chake cha hewa hutanuka, macho yakamtoka, tumbo likasukumwa mdomoni; kumtupa tena majini huku ukijisifu umemwacha huru ni kumwacha aelee mpaka afe. Kwa hiyo nahodha mwenye busara huvua wachache wa kula, kisha huhama mahali hapo.

Limebaki la samaki ni wa nani. Katika boti nyingi za huku samaki ni mali ya boti: huuzwa, na mgeni hupewa sehemu ya kula. Si wizi, ndiyo desturi, na bei ya safari huwa imelizingatia. Kosa ni kutosema. Maliza jambo hili kabla ya kulipa, pamoja na mafuta, chambo na ada ya leseni, ili msije mkavutana ufukweni juu ya mkia wa nguru.

Bakshishi usiiache ofisini. Mpe kila baharia mkononi, ukianza na yule aliyekuwa akichota barafu, na mpe hata siku mliyorudi na sanduku tupu, iwapo umeona kazi.