Deni la Mrejeaji katika Riwaya Mbili

Uhakiki wa riwaya zinazosimulia marejeo ya msomi kutoka ng'ambo umezoea kupita njia moja. Mhusika huenda Ulaya, hukaa huko miaka, hurudi na desturi ngeni, kisha hushindwa kuelewana na jamaa zake. Mhakiki naye huuita huo mgongano wa tamaduni, akahitimisha kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kinachomtesa mrejeaji si asili aliyoiacha, bali deni alilosafiri nalo. Riwaya zitakazotazamwa ni Hamkani si Shwari Tena, ambayo ni tafsiri ya riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1960, na Admiring Silence ya Abdulrazak Gurnah (1996).

Katika riwaya ya Achebe deni hilo linahesabika. Chama cha watu wa Umuofia kimemkopesha Obi Okonkwo pauni 800 akasomee sheria Uingereza, kwa sharti kwamba azilipe katika muda wa miaka minne baada ya kurudi. Obi anaiacha sheria na kusoma Kiingereza. Akiwa London anaitamani Nigeria hata kuitungia shairi. Lakini hajatoka bandarini Lagos, karani wa forodha anamdokezea rushwa ili ampunguzie ushuru. Siku ya mapokezi anahudhuria amevaa shati tu kwa sababu ya joto, na Kiingereza chake chepesi kinawavunja moyo waliotarajia maneno mazito. Wahakiki aghalabu hukomea kwenye kichekesho hicho. Hata hivyo, kinachowasikitisha wenyeji si kwamba Obi amekuwa Mzungu. Kinyume chake, hajawa Mzungu wa kutosha. Walitoa fedha zao wapate mtu wa kujivunia mbele ya vijiji vingine, naye amewarudia kama mtu yeyote.

Kiini cha riwaya kimo katika mkutano ambapo Obi anaomba apewe miezi minne kabla ya kuanza kulipa. Chama kinakubali. Kisha mwenyekiti, kwa sauti ya mzazi, anagusia habari za msichana ambaye ukoo wake una dosari. Obi anawaka hasira, anaikataa nafuu aliyokwisha kupewa, naye anaapa kuanza kulipa mwisho wa mwezi uleule. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba mkopo haukununua elimu peke yake. Umenunua pia haki ya kuingia chumbani mwa mkopaji na kumchagulia mke. Tangu hapo kila kitu kinakuwa hesabu: fedha za chama, fedha za wazazi, karo ya ndugu, bima ya gari. Mwishoni anashtakiwa kwa rushwa ya pauni 20, na jaji anashangaa jinsi kijana mwenye elimu kama yake alivyoweza kuanguka. Achebe ameitanguliza kesi hiyo mwanzoni mwa kitabu, ili msomaji ajue jibu mapema kuliko jaji.

Msichana huyo ni Clara, na hapa uhakiki uliozoeleka una kosa kubwa zaidi. Clara naye ametoka Uingereza, alikosomea uuguzi. Amerudi katika meli moja na Obi. Lakini yeye ni osu, mzawa wa ukoo uliotengwa kwa ajili ya miungu, na cheti chake hakiwezi kuifuta hali hiyo. Mama yake Obi anatamka wazi kwamba mwanawe akimwoa Clara yeye akiwa hai, atajiua. Clara hadaiwi na chama chochote. Hata hivyo ndiye anayelipa zaidi. Anamkopesha Obi pauni 50, anatoa mimba kwa hatari ya maisha yake, kisha anatoweka katika simulizi. Kutoweka huko ni udhaifu wa riwaya yenyewe, kwani marejeo ya mwanamke yalistahili kufuatwa hadi mwisho kama yalivyofuatwa ya mwanamume.

Jina la tafsiri nalo lastahili neno. Jina la Kiingereza limetokana na shairi la T. S. Eliot la mwaka 1927 kuhusu mamajusi wanaorejea katika falme zao na kujiona wageni humo. Jina la Kiswahili limeyaacha marejeo hayo, likaleta lugha ya mabaharia: bahari imechafuka. Msomaji anapoteza wazo la kurudi, lakini anapata jambo jingine, kwamba aliyechafukiwa si msafiri peke yake, bali chombo kizima na wote waliomo.

Kwa Gurnah deni si la fedha. Msimulizi, asiyetajwa jina, aliondoka Unguja kijana, naye anarudi baada ya miaka ishirini. Anakuta vyoo vimeziba na serikali imechoka. Lakini hayo hayamsumbui kama swali la kila mlango: habari za siku nyingi? Adabu ya Mswahili inataka jibu moja, nzuri, hata kama nyumba inaungua. Msimulizi amejificha nyuma ya adabu hiyo. Hakuwaambia jamaa zake kwamba anaishi na Emma, Mwingereza, wala kwamba wana binti. Huku Emma naye amelishwa hadithi za uongo kuhusu jamaa hao. Wanapomtafutia mchumba, hana budi kuufungua mdomo, na ukweli uliocheleweshwa miaka ishirini unakuja na riba yake. Mama anaumia, na huko London, Emma anamwacha. Anayedaiwa habari amefilisika pande zote mbili. Ni kweli kwamba msimulizi huyo ameushika usukani peke yake, na sauti ya mama inasikika kupitia kwake tu. Hilo linapunguza uzito wa madai dhidi yake.

Kwa msomaji wa Kenya mambo haya si ya mbali. Mwaka 1959 wanafunzi 81 walisafirishwa kwa ndege kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya, na tangu hapo michango ya harambee imewapeleka wengine wengi. Mchango ni wema, lakini wema usioandikiwa kikomo huwa deni lisilolipika. Methali ya mwacha asili humwekea mrejeaji kosa kabla hajasikilizwa. Uhakiki wa haki ungeuliza kwanza nani alitoa nini, akitarajia nini, na ni nani, kama Clara, aliyelipa bila kukopa.