Kusambaza si Kupashana: Uhakiki wa Dhana ya Usimamizi wa Safari za Meli kwa Taarifa za Kidijitali

1.0 Utangulizi

Kwa karne nyingi, nahodha alipong'oa nanga alibeba mpango wa safari yake peke yake. Mpango huo ulichorwa katika ramani ya karatasi na kubaki ndani ya chumba cha usukani. Meli iliyokutana naye njiani ililazimika kubashiri nia yake kwa kutazama taa zake, mwelekeo wake na mwendo wake. Dhana ya Usimamizi wa Safari za Meli, iliyokuzwa Ulaya ya Kaskazini chini ya uongozi wa mamlaka ya bahari ya Sweden, inakusudia kuuondoa ubashiri huo. Dhana hiyo ilichipuka katika mradi wa MONALISA ulioanza mwaka 2010, ikaendelezwa katika MONALISA 2.0, kisha ikajaribiwa katika mradi wa uthibitishaji wa mwaka 2015 hadi 2019 uliohusisha meli zipatazo 300 na bandari 13.

Uhakiki huu unaikagua dhana hiyo katika madai yake mawili makuu, yaani usalama na ufanisi. Hoja inayojengwa ni kwamba dhana hii imeshughulikia kwa umahiri tatizo la kusambaza taarifa, lakini imelichukulia tatizo la kupashana taarifa kana kwamba limekwisha kutatuliwa. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili si ya mapambo. Kusambaza hukamilika pale kitu kinapomtoka mtoaji. Kupashana, kwa kiambishi chake cha kutendana, hakukamiliki mpaka upande wa pili upokee, uelewe na ujibu.

2.0 Madai ya Dhana

Kiini cha dhana ni chepesi kueleza. Meli huutuma mpango wake wa njia, yaani mfululizo wa vituo vya kugeukia pamoja na saa za kuvifikia, kwa wahusika iliowachagua: meli nyingine zilizo karibu, kituo cha kuongoza meli cha nchi kavu, na bandari inayoelekea. Kituo kinaweza kuukagua mpango huo na kuipendekezea meli njia nyingine ikiwa ya kwanza inapita karibu mno na mwamba au inakutana na msongamano. Bandari nayo inaweza kuiarifu meli saa ambayo gati litakuwa wazi, ili ipunguze mwendo badala ya kuwahi na kutia nanga nje.

Ubora wa wazo hili unastahili kutambuliwa kabla ya kulikosoa. Mfumo wa utambulisho wa kiotomatiki wa meli, unaofahamika kama AIS, umekuwa wa lazima tangu mwisho wa mwaka 2004 kwa meli zote zenye ujazo wa tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa. Mfumo huo hueleza meli iko wapi na inaelekea upande gani kwa wakati huo. Hauelezi itageuka wapi dakika kumi zijazo. Mpango wa njia unajaza pengo hilo kwa kuongeza nia juu ya mahali. Haya ni maendeleo ya kweli, na mhakiki asiyeyaona atakuwa hajaisoma dhana yenyewe.

Hata hivyo, chini ya madai haya kuna sharti ambalo halikutamkwa: kwamba taarifa ikishafika kwenye kioo cha mpokeaji, imefika pia katika fikra zake. Sharti hilo ndilo linalohitaji kupimwa.

3.0 Ajali ya Hjeltefjorden kama Kipimo

Tarehe 8 Novemba 2018, muda mfupi baada ya saa kumi alfajiri, manowari ya Norwei KNM Helge Ingstad iligongana na meli ya mafuta Sola TS katika mlangobahari wa Hjeltefjorden, kaskazini ya Bergen. Manowari ilikuwa na watu 137. Hakuna aliyekufa, lakini chombo chenyewe kilitobolewa ubavuni, kikapanda mwamba na baadaye kikazama. Mahali hapo si bahari kuu iliyoachwa bila jicho. Ni njia inayosimamiwa na kituo cha kuongoza meli cha Fedje, jirani na gati la mafuta la Sture, na meli ya mafuta ilikuwa na rubani ndani yake.

Ripoti ya wachunguzi wa Norwei, iliyotolewa sehemu ya kwanza mwaka 2019, haikumtwika mtu mmoja lawama yote, bali ilionyesha mlolongo wa mambo ya kiutendaji, kiufundi na kimfumo. Kwa madhumuni ya uhakiki huu, mambo matatu yana uzito.

Kwanza, manowari ilikuwa imeuweka mfumo wake wa utambulisho katika hali ya kupokea bila kujitangaza. Kwa hiyo jina lake halikuonekana kwenye vioo vya wengine. Jambo hili linaweza kusomwa kama ushahidi wa kuitetea dhana, kwamba laiti taarifa zingetolewa, ajali isingetokea. Usomaji huo una sehemu ya ukweli, lakini unasahau kwamba kanuni za urambazaji za Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini hazizibani manowari kwa namna zinavyozibana meli za biashara. Mfumo wowote utakaotegemea kila chombo kujitangaza utakuwa na tundu hilo daima.

Pili, taarifa kuhusu manowari zilikuwepo. Ilipoingia katika eneo hilo iliripoti kwa kituo, lakini kituo hakikuifuatilia safari yake. Rubani wa Sola TS alipoona chombo kikija mbele yake na kuuliza ni kipi, jibu halikupatikana mara moja. Hapa kilichokosekana si chombo cha kupelekea taarifa, bali mtu aliyeishika taarifa ile na kuifanyia kazi mpaka mwisho.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, Sola TS ilikuwa ikijitangaza. Manowari ilikuwa na uwezo wa kuiona katika vifaa vyake. Lakini zamu ilipobadilishwa, meli ya mafuta ilikuwa ingali gatini na taa za sitaha zikiwaka, nayo ikachukuliwa kuwa kitu kilichosimama. Ilipoondoka gatini, dhana hiyo haikuondoka nayo. Rubani alipoitaka manowari igeuke kulia, jibu lilikuwa kwamba haiwezi kwanza mpaka ipite kile kitu kilicho upande huo. Kitu hicho kilikuwa ni meli iliyokuwa ikizungumza nayo.

Swali linalopaswa kuulizwa ni hili: je, mpango wa njia wa Sola TS, kama ungeonekana kwenye kioo cha manowari, ungeivunja dhana hiyo? Inawezekana. Lakini mtu aliyekwisha kuamini kwamba taa zile ni za gati hana sababu ya kutafuta mpango wa safari wa gati. Taarifa ya ziada humsaidia anayeshuku; asiyeshuku haifungui. Ikumbukwe pia kwamba mazungumzo ya redio kati ya rubani, kituo na manowari yalifanyika kwa Kinorwe, ilhali mabaharia wa meli ya mafuta walikuwa wageni. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilikwisha kupitisha mwaka 2001 misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini, kwa kutambua kwamba lugha nayo ni chombo cha usalama. Mjadala wa kidijitali umelipa suala hili nafasi finyu, kana kwamba mistari ya rangi kwenye kioo haihitaji lugha ya kuifasiri.

4.0 Ufanisi na Nguvu ya Mkataba

Dai la pili ni kwamba meli ikijua mapema saa ya gati, itapunguza mwendo na kuokoa mafuta. Kifizikia dai hili halina ubishi, kwa kuwa matumizi ya mafuta hupanda kwa kasi kubwa kuliko mwendo unavyopanda. Udhaifu wake uko kwingine. Linachukulia kwamba nahodha hukimbilia nangani kwa sababu hajui.

Mara nyingi anajua. Mikataba ya kawaida ya kukodi meli kwa safari humtaka mwenye meli aende bila kuchelewa, na saa za kupakia au kupakua huanza kuhesabiwa baada ya meli kufika na kutoa notisi ya utayari. Panapotumika utaratibu wa anayewahi kuhudumiwa kwanza, kupunguza mwendo ni kuitoa zamu yako kwa mwingine. Nahodha anayekwenda mbio ili akasubiri hafanyi ujinga, anautii mkataba. Ndiyo maana chama cha wenye meli BIMCO kilitoa mwaka 2021 kifungu maalumu cha kuwasili kwa wakati, kinachoweza kuingizwa katika mikataba hiyo. Kuwepo kwa kifungu hicho ni ushahidi kwamba kizuizi kilikuwa cha kisheria kabla ya kuwa cha kiteknolojia.

5.0 Vyombo Visivyo Kwenye Kioo

Udhaifu wa tatu hujitokeza pale dhana inapotolewa katika maji ilikozaliwa. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, upashanaji wa taarifa za baharini si jambo geni: Kanuni za Maadili za Djibouti za mwaka 2009 ziliweka vituo vya taarifa Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a, kwa lengo la kupambana na uharamia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vyombo vinavyokatiza njia za meli katika mwambao huu ni ngalawa, mashua na majahazi ambayo hayafikii ujazo wa tani 300 wala hayana kifaa cha kujitangaza.

Hatari hapa ni ya kimantiki. Kadiri kioo kinavyosheheni taarifa, ndivyo kinavyoonekana kuwa kamili, na ndivyo nafasi iliyo tupu juu yake inavyosomwa kuwa bahari iliyo tupu. Mvuvi wa usiku mwenye karabai moja ndiye atakayelipa gharama ya usomaji huo.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu haupendekezi kuachwa kwa upashanaji wa kidijitali. Unapendekeza upimwe kwa kigezo kingine. Badala ya kuhesabu meli zilizounganishwa na mipango iliyotumwa, majaribio yajayo yapime ni mara ngapi mpokeaji alibadili uamuzi kwa sababu ya taarifa aliyopewa, na kwa lugha gani aliyethibitisha alithibitisha. Vituo vya nchi kavu vipewe wajibu wa kufuatilia, si wa kupokea tu. Mikataba ya ukodishaji irekebishwe sambamba na mitambo. Na nchi zitakazoiga dhana hii zianze kwa kuhesabu vyombo ambavyo mfumo hautaviona. Katika Hjeltefjorden taarifa zilisambazwa. Hazikupashanwa mpaka muda wa kuzitumia ulipokuwa umekwisha.