Kokwa la Embe Mbele ya Maji ya Rangi

Kaunti ya Machakos, Kenya, ina pande mbili za tatizo hili: maji ya rangi na matunda yanayoharibika. Mavoko kuna viwanda vya nguo vya EPZ (eneo la kuzalisha bidhaa za kuuzwa nje) ya Athi River. Yatta na Mwala kuna maembe, ambayo msimu ukikolea huoza chini ya miti kwa kukosa mnunuzi. Wazo la kusafisha maji ya rangi kwa maganda ya matunda lina msingi wa kweli wa kikemia. Selulosi na pektini za ganda hubeba chaji hasi maji yasipokuwa na asidi nyingi, hivyo hunasa rangi zenye chaji chanya. Ndiyo maana majaribio mengi hutumia methilini bluu, rangi ya aina hiyo: unga wa ganda hutiwa chupani, chupa hutikiswa, kisha spektrofotometa hupima mwanga wa nanometa 664 na kuonyesha rangi karibu yote imetoweka.

Matokeo hayo ni sahihi, ila kiwandani hayatoshi. Pamba hutiwa rangi zaidi kwa rangi tendaji, zenye chaji hasi, ambazo ganda huzisukuma badala ya kuzivuta. Isitoshe, ganda bichi huachia sukari na pektini, maji yakageuka kahawia na COD (kipimo cha oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu kwa kemikali) ikapanda, ilhali Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwa maji yanayomwagwa mtoni. Kwa hiyo nasimama na kokwa. Likikaushwa, likaloweshwa asidi ya fosforiki, likachomwa bila hewa na kuoshwa vizuri, hutoa mkaa wenye matundu madogo mno unaoweza kunasa rangi za aina zote mbili. Tena kokwa kavu huwekwa ghalani hadi msimu ujao. Ganda huharibika ndani ya siku chache.

Wapo watakaosema kiasi kitakachohitajika ni kikubwa mno. Tupige hesabu: tuseme gramu 1 ya mkaa inanasa miligramu 100, na maji yana miligramu 50 za rangi kwa lita. Mita za ujazo 1,000 zitataka kilo 500 za mkaa. Ni mzigo mkubwa kweli, na ndiyo sababu mkaa huu unafaa uwekwe mwisho, baada ya mabwawa ya bakteria na utuamishaji kupunguza uchafu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba rangi haijafa, imehamia kwenye mkaa. Ukitupwa jalalani, mvua itairudisha mtoni. Mkaa uliochoka uteketezwe katika tanuri lenye joto kali kama la saruji, na Mavoko ina viwanda vya saruji. Gharama ya kuufikisha huko ihesabiwe tangu mwanzo, pamoja na bei ya asidi na maji ya kuoshea.