Pongezi kwa Seremala wa Bustanini

Katika jumla ya mafundi wanaostahiki shukrani zetu, na ambao aghalabu hukumbukwa pale tu mlango unapokwama, yumo seremala, ambaye hata kwenye bustani ya mchicha hudhihirisha maarifa yake. Akitakiwa alizungushie mbao tuta lililoinuliwa, hatangulizi nyundo, bali huzingatia kwanza kwamba udongo ulioshiba maji husukuma kwenda nje. Kwa hiyo vigingi huvichonga ncha, akavishindilia upande wa nje wa ubao, kila baada ya hatua moja, nusu ya urefu wake ikizama ardhini. Kwenye pembe husimamisha kwa ndani kipande cha boriti, akatoboa ubao kwa keekee kabla ya kupigilia msumari, usije ukapasuka mwishoni; na tuta likiwa refu, huzifunga mbao zinazoelekeana kwa waya uliosokotwa, zisitanuke katikati. Akijaaliwa kuchagua, huchukua mvule, ambao mchwa hawauwezi kwa urahisi. Kazi hii haina fahari wala ujira mkubwa, lakini masika yakiisha na udongo ungali mahali pake, mwenye bustani aliye muadilifu hana budi kukiri kwamba fundi ameitimiza amana yake.