Sili Ambayo Haijavuja

Mtajie mpenzi wa mbio za magari Datsun 240Z, naye atakutajia Safari Rally: Edgar Herrmann 1971, Shekhar Mehta 1973. Atakusimulia matope, vumbi na mito iliyofurika. Mimi ningemwomba alale chali chini ya gari, atazame pale injini inapoungana na giaboksi. Hapo, nyuma ya flaiwili, imejificha sili ya nyuma ya krenki, pete ya mpira inayoizuia oili isitoroke. Ufundi ninaotaka kuusifu ni wa kuibadilisha kabla haijavuja.

Wapo watakaowahi kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali njema, ila hapa haitoshi, maana ufa wenyewe haujaonekana. Sakafu ya gereji ni kavu, klachi inashika, mwenye gari hana malalamiko. Fundi anaujua mpira tu. Mdomo wa sili ni mwembamba. Unaigusa krenki inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, umekazwa na springi ndogo kwa nyuma, na kati ya mpira na chuma pana utando wa oili usioonekana kwa macho. Joto la injini huukakamaza mpira mwaka baada ya mwaka. Kukaa bila kuwashwa nako ni adui: oili yote huteremka kwenye sampu, mdomo ukabaki umelalia chuma palepale. Na gari la aina hii, tuseme kweli, hukaa chini ya turubai kuliko barabarani, isipokuwa yale machache yanayoamshwa kwa East African Safari Classic Rally, iliyoanza 2003.

Kwa hiyo siku ya klachi ndiyo siku yake. Giaboksi ikishashushwa, klachi ikatoka na flaiwili ikafunguliwa, sili iko wazi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kuifikia. Mteja huuliza, "Lakini fundi, si haivuji?" Haivuji, ndiyo. Ikianza kuvuja baada ya miezi michache, oili itarukia sahani mpya ya klachi, ambayo hufanya kazi ikiwa kavu, na giaboksi itashushwa upya.

Fundi na mbomoaji hutengana wakati wa kuitoa. Mwenye haraka hushika bisibisi. Ikiteleza huichora krenki, na sili mpya itavujia kwenye mchoro huohuo. Mwenye mkono mtulivu hutoboa tundu dogo kwenye fremu ya chuma ya sili, akakaza skrubu humo, akaivuta kidogo kidogo. Kisha huifuta krenki kwa kitambaa safi na kupitisha ukucha pale mdomo wa zamani ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukikwama, ujue mpira ule laini, ukisaidiwa na vumbi, umechimba mfereji kwenye chuma. Hapo sili mpya haikalishwi mahali pa ile ya zamani. Huingizwa pungufu au zaidi kidogo ili mdomo wake ukutane na chuma kisichosuguliwa. Huupaka mdomo oili kwanza, kwa sababu ukianza kuzunguka mkavu utaungua. Halafu huigonga kwa kuzunguka, kidogo huku, kidogo kule, mpaka ikae sawa pande zote. Redio inaweza kuendelea; maongezi hapana.

Pua nayo ni chombo cha kazi. Oili ya gia hunuka kiberiti, ya injini hainuki hivyo, basi unyevu uliokutwa kwenye nyumba ya klachi hunuswa kabla ya yeyote kulaumiwa. Mara nyingi mkosaji ni mwingine: gasketi ya kifuniko cha vali, ambayo oili yake huteremka mgongoni mwa injini mpaka chini, au zile sili za pembeni za kofia ya bearing ya nyuma, ambazo huzifikii bila kushusha sampu. Na kama injini imezibwa pale inapopumulia, msukumo wa gesi utaipitisha oili hata kwenye sili iliyowekwa jana.

Sisifu, hata hivyo, homa ya kufungua kila kitu. Wapo mafundi ambao gari likiwajia kwa klachi, wao hung'oa na hedi iliyokuwa nzima, eti tahadhari. Injini hii ya silinda 6 na lita 2.4 ina bloku ya chuma cha kutupwa na hedi ya alumini. Hedi isiyo na shida iachwe ilipo. Cha kubadilisha mapema ni kile ambacho mkono umeshakifikia: sili ya nyuma ya krenki na ile ya mbele ya giaboksi, jirani yake. Sili ya mbele ya krenki itangoja siku puli itakapotolewa kwa jambo jingine.

Mteja akitaka ushahidi, fundi humpa ile ya zamani aiminye. Mpira mzima hurudi haraka; huu hubaki umebonyea, au mdomo wake hupasuka mkononi. Kuna wanaolipa bila neno. Kuna wanaoigeuza geuza, wakauliza kama kweli isingeweza kusubiri.