Kumbukumbu za Usakinishaji katika Debian: Ushahidi Usiotosha

Mfumo wa Debian huweka kumbukumbu za programu zinazosakinishwa katika faili mbili kuu. Ya kwanza, dpkg.log, huandika kila hatua na saa yake, lakini haimtaji aliyetoa amri. Ya pili, history.log ya apt, ni bora zaidi: huonyesha amri yenyewe na, ikiwa imepitia sudo, jina la mtumiaji. Hata hivyo, kwa mpangilio wa kawaida faili mpya huanzishwa kila mwezi, na za zamani 12 tu ndizo hubakizwa. Tena, mwenye mamlaka ya root anaweza kuzihariri zote. Kwa maoni yangu, seva inayotumiwa na wengi itunziwe nakala katika mashine nyingine. La sivyo, mshtakiwa ndiye atakayetunza ushahidi.